Gita ya Mwenda Jean Bosco: utamu wake na kasoro zake

Kibumba, kando ya barabara ya Goma–Rutshuru. Mvua inanyesha, mifuko ya mashu inangojea gari, na sisi tumejibana chini ya manjanja tukisikiliza telefoni moja. Kijana aliyerudi kutoka karieri ya Rubaya ametuletea albamu "Mwenda wa Bayeke". Kwa tarehe si mpya: Mwenda Jean Bosco aliirekodi Cape Town mwaka 1988, ikatoka 1994, miaka 4 baada ya ajali ya gari iliyomuua kule Zambia. Lakini kwa masikio ya vijana wetu ni mpya kabisa.

Tuanze na utamu. Ni mtu na gita yake. Kidole gumba kinashika bezi, kidole cha pili kinaimba juu, utadhani wako watu wawili. Hugh Tracey alimkuta hivyo Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwaka 1952, akarekodi "Masanga". Gita ile ilikomaa katika miji ya migodi, kati ya watu walioacha kijiji kufuata mshahara. Mwaka 1969 ikamfikisha Newport, Marekani, kwenye tamasha kubwa la folk. Na Kiswahili chake ni cha huku kwetu Kongo. Mama mmoja aliyesimama na sisi, bwana yake yuko shimoni, alitikisa kichwa tu: huyu anaongea kama sisi.

Kasoro nazo ziko. Studio ni safi mno. Muziki huu ulizoea chupa ya kugonga na vicheko vya watu. Katika "Masanga" ya 1952 vidole vinakimbia. Hapa ni vidole vya mzee, vinatembea. Mwendo wa nyimbo unafanana. Ukizisikiliza zote mara moja, usingizi unakuja.

Lakini kasoro kubwa si yake, ni ya kwetu. Bosco alirekodiwa, njo maana leo tunaweza kumbishania. Watu wa Kibumba walipokimbia vita mwaka 2022 kwenda Kanyaruchinya, walibeba watoto na godoro. Gita ilibaki. Nyimbo za wazee wetu, nani alizirekodi?

Telefoni tunazo. Wewe uliye karieri, siku utarudi nyumbani, usilete unga na sabuni tu. Mwombe mzee apige wimbo mmoja, na wewe urekodi. Hata kama mvua inapiga manjanja.