Gugumaji na Ujirani wa Ziwa Viktoria

Kenya inamiliki takriban asilimia 6 tu ya Ziwa Viktoria. Sehemu iliyosalia ni ya Tanzania na Uganda. Hata hivyo, Ghuba ya Winam iliyoko Kenya husongwa mara kwa mara na gugumaji, mmea wenye asili ya Amerika Kusini uliobainika ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Gugu hili huelea: leo upepo hulisukuma likaziba gati la Kisumu, kesho hulipeleka kwingine. Maji taka na mbolea inayosombwa kutoka mashambani hulirutubisha. Fukusi walioachiliwa kulila katika miaka ya 1990 walilipunguza, ila hawakulimaliza, kwani Mto Kagera huliteremsha kutoka Rwanda na Burundi, nchi zisizopakana na ziwa lenyewe.

Ndiposa itifaki ya mwaka 2003, iliyoasisi Kamisheni ya Bonde la Ziwa Viktoria yenye makao Kisumu, ilipata uzito zaidi nchi hizo mbili zilipojiunga na Jumuiya mwaka 2007. Itifaki yenyewe (ajabu ya Musa!) iliandikwa kwa Kiingereza, ilhali mvuvi wa Musoma na mwenzake wa Homa Bay huelewana kwa Kiswahili.