Tuzitie Rangi Picha za Kale, Tusiuharibu Ushahidi Wake

Picha ni shahidi asiyesema. Askari polisi aijua thamani yake mahakamani, na mwanajeshi aijua nyumbani kwake, alipoitundika ukutani sura ya baba yake aliyevaa sare. Kwa hiyo twaona yafaa kuizungumzia sanaa kongwe iliyopata nguvu mpya siku hizi: kuzitia rangi picha nyeusi na nyeupe.

Sanaa hii ilizaliwa karibu pamoja na picha zenyewe. Upigaji picha ulipotangazwa kwa ulimwengu mwaka 1839, picha hazikuwa na rangi. Haikupita miaka mingi Johann Baptist Isenring wa Uswisi akaanza kuzipaka kwa unga wa rangi na gundi. Katika miaka ya 1860, huko Yokohama nchini Japani, Felice Beato aliwaajiri wachoraji wa Kijapani wazipake picha zake kwa rangi za maji. Baadaye zilitumika pia rangi za mafuta: fundi alizungushia pamba kwenye kijiti, akapaka rangi, kisha akaifuta ibaki kidogo tu, ili vivuli vya picha viendelee kuonekana.

Leo kazi hiyo yafanywa kwa kompyuta. Picha hunakiliwa, na rangi huwekwa juu ya nakala katika tabaka la peke yake. Zipo hata programu ziwezazo kuipaka picha nzima kwa muda mfupi. Lakini tukumbuke kwamba filamu ya nyeusi na nyeupe haihifadhi rangi. Utepe mwekundu wa nishani na utepe wa kijani huweza kuonekana pichani kwa rangi ile ile ya majivu. Fundi mwaminifu huitafuta sare yenyewe, nishani yenyewe, au mzee aliyekuwapo, programu hubahatisha.

Hatari ya kuchezea picha ilidhihirika Aprili 2021. Katika gereza la Tuol Sleng, mjini Phnom Penh, utawala wa Khmer Rouge wa mwaka 1975 hadi 1979 uliwapiga picha wafungwa, kisha ukawatesa na kuwaua. Baadhi ya picha hizo zilitiwa rangi na kuchapishwa ng'ambo, na nyuso kadhaa zikageuzwa zionekane zikitabasamu. Jamaa za waliouawa walighadhibika, Wizara ya Utamaduni ya Kambodia ikapinga, na waliozichapisha wakaziondoa. Waliokufa kwa mateso walikuwa wametolewa ushahidi wa uongo.

Basi, ndugu askari, atakaye kuitia rangi picha ya mzee wake na afanye hivyo kwa moyo mkunjufu. Lakini aihifadhi ile ya asili bila kuipaka chochote, aandike nyuma ya nakala kwamba rangi zimeongezwa, na umbo la uso aliache kama lilivyo. Wajukuu watakaoitazama kesho wana haki ya kujua kipi kilipigwa na kamera na kipi kiliongezwa na fundi.