Si Jini la Saudia

"Daktari, kwani alitumiwa jini gani kule?" Wazazi kutoka Ganze, Bamba na Vitengeni, huku Kilifi, huniuliza swali hili karibu kila wiki. Wameniletea binti aliyerudi kutoka Saudia akijibizana na sauti asizozisikia mwingine, na jibu wanalo tayari: jini la Kiarabu limempanda kazini, dawa ni kulipunga. Mbuzi wameshauzwa, miezi sita imepita, na mikononi mwa binti kuna makovu ya kamba.

Majini ya Kiarabu yalikuwepo Ugiriamani kabla ya ejenti yeyote kuja kutafuta wafanyakazi. Nyanya zetu waliyajua, yale yanayokataa tembo na nyamafu. Jina ni la zamani, tumelibandika tu juu ya ugonjwa wa akili.

Na ugonjwa huu una historia yake. Mwaka 1932 daktari Ørnulv Ødegaard alichapisha hesabu ya raia wa Norway waliohamia Minnesota, Marekani: walilazwa kwa skizofrenia karibu mara mbili ya ndugu zao waliobaki kwao. Jini gani la Kiarabu lilifika kwenye theluji ya Minnesota? Huko Uingereza, watu wenye asili ya Karibiani waligunduliwa kuugua mara nyingi zaidi ya wazungu, lakini Jamaika kwenyewe ugonjwa haukuzidi kawaida. Kisha mwaka 2005 watafiti Cantor-Graae na Selten walijumlisha tafiti nyingi: hatari kwa wahamiaji ilikuwa mara 2.7 ya wenyeji, na kwa watoto wao mara 4.5. Mtoto aliyezaliwa ugenini, ambaye hakusafiri kokote, ndiye aliye hatarini zaidi! Basi kinachodhuru si nchi fulani wala ndege. Yaelekea ni kuishi ukidharauliwa, mbali na watu wako, bila wa kukutetea. Binti zetu hunisimulia hayo hayo: pasi ya kusafiria imefungiwa kabatini, simu imechukuliwa, usingizi wa saa tatu au nne, matusi mchana kutwa. Wengine walibakwa.

"Lakini wa jirani alipungwa akapona." Ndiyo, wapo. Kuna saikosisi fupi, yaani kuchanganyikiwa akili kwa muda, inayoisha yenyewe ndani ya mwezi, hasa mtu akirudi nyumbani, akala na kulala. Mganga huvuna sifa za usingizi. Asiyekuwa na bahati hiyo hufukizwa, hunyimwa chakula, hufungwa, na kila mwezi unaopita bila dawa hufanya kupona kuwe kugumu zaidi. Hili linaniuma kuliko yote.

Sasa la kufanya. Mpelekeni kliniki ya afya ya akili, Kilifi au Malindi. Apimwe malaria, virusi vya ukimwi na tezi ya shingo, maana hizo nazo huvuruga akili. Dawa zipo, vidonge au sindano ya kila mwezi. Zikimkakamaza shingo au ulimi, rudini mara moja. Akipata nafuu asiache dawa bila kuniuliza. Mkitaka kumwombea, mwombeeni, lakini kamba fungueni. Msimhoji yaliyompata mbele ya wajomba. Akitaja kufa, njooni siku hiyo hiyo.

Wengi huenda Ghuba na kurudi wazima, kwa hiyo simkatazi mtu kwenda kutafuta. Ila akirudi akawa halali, akawashuku hata wazazi wake, akaanza kusikia sauti, nawaomba mumlete wiki hiyo hiyo, kabla hamjauza mbuzi hata mmoja.