Kutoka Simba Wanyika hadi Les Wanyika: Historia ya Bendi na Kiswahili Chake

Utangulizi

Panapojadiliwa maenezi ya Kiswahili nchini Kenya, aghalabu hutajwa matamko ya serikali na mitaala ya shule. Hutajwa kwamba mwaka 1974 Rais Jomo Kenyatta aliagiza Kiswahili kitumike Bungeni. Hutajwa Ripoti ya Mackay ya mwaka 1981 iliyopendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima na la kutahiniwa, pendekezo lililotekelezwa mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985. Sisi wa Eldoret tuna sababu ya ziada ya kuikumbuka ripoti hiyo, maadamu ndiyo iliyozaa Chuo Kikuu cha Moi mwaka 1984.

Hayo yote ni kweli, ila hayatoshi. Kabla ya Kiswahili kuwa mtihani, kilikuwa wimbo. Watu wengi wa bara ambao hawakuwahi kuketi mbele ya mwalimu wa Kiswahili walikisikia kila siku redioni na katika santuri, kikiimbwa kwa ufasaha na watu waliokinyonya pamoja na maziwa ya mama zao. Miongoni mwa waimbaji hao hakuna waliopenya zaidi ya jamaa ya bendi zilizobeba jina la Wanyika. Makala haya yananuia kueleza historia ya bendi hizo, kisha kuonyesha kwamba nyimbo zao ni matini za fasihi ambazo mwanafunzi wa Kiswahili hana udhuru wa kuzipuuza.

Chimbuko: Tanga, Arusha, Mombasa

Historia hii inaanzia Tanga. Mji huo ulikuwa kitovu cha kilimo cha mkonge, na mashamba yake yaliwavuta vibarua kutoka pande nyingi za Tanganyika na nje yake. Watu wa makabila mbalimbali walipokutana, Kiswahili kikawa lugha ya kazi, ya mtaa na ya starehe. Katika mazingira hayo muziki wa dansi ulistawi, na bendi kama Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zikajipatia sifa. Neno jazz hapa lisimpotoshe msomaji: katika Afrika Mashariki ya wakati ule lilimaanisha bendi yoyote ya magitaa, wala si muziki wa Wamarekani weusi unaoitwa hivyo.

Mwaka 1966 ndugu wawili, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, walijiunga na Jamhuri Jazz. Baada ya miaka michache waliondoka, wakaenda Arusha na kuunda Arusha Jazz pamoja na ndugu yao wa tatu, William. Mwaka 1971 wakavuka mpaka na kuingia Mombasa, na huko ndiko Simba Wanyika ilikozaliwa. Wilson alipiga gitaa la solo na kuimba. George naye alikuwa mpigaji gitaa, mwimbaji na mtunzi. Mwaka 1975 bendi ilihamia Nairobi.

Kwa nini Nairobi? Jibu ni santuri. Jiji hilo lilikuwa na studio, kampuni za kurekodi, kiwanda cha kufyatua santuri na vilabu vya usiku vilivyoajiri bendi. Tanzania ilikuwa na bendi hodari na redio ya taifa iliyozirekodi, lakini njia ya kugeuza wimbo kuwa bidhaa ya dukani ilikuwa finyu. Mwanamuziki aliyetaka santuri yake iuzwe alifunga safari ya kaskazini. Safari hiyo ilikuwa na gharama yake: mgeni alihitaji kibali cha kazi, na asiye na kibali aliishi roho mkononi.

Jina na Maana Yake

Hebu tulitazame jina lenyewe, kwani lina jambo la kumnufaisha mwanaisimu. Simba Wanyika, kimaana, ni simba wa nyika. Katika maandishi ya bendi a-unganifu, yaani wa, iliambatanishwa na nomino nyika pasi na nafasi baina yao. Pengine lilikuwa kosa dogo la tahajia, lakini lilizaa neno jipya. Baadhi ya wanabendi walipojitenga na kuondoka na nusu ya jina, simba alibaki nyuma, na Wanyika likasimama peke yake. Likiwa peke yake haliwezi tena kusomwa kama a-unganifu na nomino. Sikio la Mswahili linalisikia kama nomino ya ngeli ya A-WA katika wingi: watu wa nyika. Kipashio wa kilichokuwa kiunganishi kimegeuka kuwa kiambishi ngeli.

Katika pwani ya Kenya jina hilohilo lina historia chungu. Wanyika ni jina la zamani ambalo watu wa mijini waliwaitia Wamijikenda kwa dharau. Bendi haikulitumia kwa maana hiyo, bali ililivisha fahari: watu wa nyika ndio waliochezesha mji mzima.

Zaidi ya hayo, kundi lililojitenga lilitanguliza kibainishi cha Kifaransa, Les. Wakati huo wanamuziki wa Kongo walikuwa wameitawala Nairobi, na bendi kama Les Mangelepa zilisifika. Kifaransa kilikuwa pambo la dansi. Les Wanyika, basi, ni jina lenye alama mbili za wingi, moja ya Kifaransa na nyingine ya Kibantu. Katika maneno hayo mawili msomaji anaona ramani ya muziki wa Nairobi ya miaka ya 1970.

Mgawanyiko wa 1978 na Mpaka Uliofungwa

Mwezi wa Novemba 1978 Simba Wanyika ilipasuka. Waliotoka walikuwa nguzo za bendi: Omar Shabani wa gitaa la ridhimu, Tom Malanga wa gitaa la besi, Rashid Juma wa ngoma, na wenzao. Waliungana na mwimbaji na mpigaji gitaa John Ngereza, aliyekuwa Mtanzania kama wao, na Issa Juma mwenye sauti nzito. Wimbo wao Sina Makosa uliwapa umaarufu papo hapo, na hata leo haukosi katika vipindi vya zilizopendwa.

Tarehe hiyo inastahili kuzingatiwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na Februari ya mwaka huo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa miaka hiyo yote magazeti na wanasiasa wa nchi hizi mbili walirushiana maneno makali, wengine wakidai huku ni ubepari na kule ni ujamaa. Ni katika kipindi hichohicho Watanzania hawa, waliokatwa na kwao, waliimba Kiswahili cha Tanga jijini Nairobi, na Wakenya wakawapenda. Lori halikupita Namanga, lakini lugha ilikuwa tayari imekwisha kupita. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo kuu katika historia ya Wanyika: kwamba jumuiya iliyokufa katika mikataba iliendelea kuishi katika wimbo.

Mpasuko haukukomea hapo. Mapema katika miaka ya 1980 Issa Juma aliondoka Les Wanyika akaanzisha Super Wanyika, iliyobadilikabadilika majina na wanachama. George Kinyonga naye alijitenga kwa muda na kuunda Jobiso, kisha akarejea kwa nduguye. Simba Wanyika ya akina Kinyonga haikufa: ilijijenga upya, ikatoa nyimbo kama Haleluya na Shilingi, ikafika hadi Ulaya, na mwaka 1992 albamu yake Pepea ilitolewa huko. Lakini mwaka huohuo George aliaga dunia, na mwaka 1995 Wilson akamfuata. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 Omar Shabani na John Ngereza nao walikuwa wametangulia mbele ya haki.

Lugha na Mtindo

Nini kilichozifanya nyimbo hizi zipenye hadi bara? Tukiacha utamu wa magitaa, tunaweza kutaja mambo matatu.

Kwanza ni usahili wa msamiati. Watunzi wa Wanyika hawakutumia maneno ya kale ya tenzi za Lamu wala mafumbo ya taarab ya Mombasa. Walitumia maneno ya kila siku, ila kwa upatanisho kamili wa kisarufi. Msikilizaji wa Huruma au Langas hapa Eldoret, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kinandi, Kibukusu au Kikuyu, hakuhitaji kamusi. Ila kila alipoimba alifanya zoezi la ngeli bila kujua. Aliyesema mtaani "kitabu yangu" aliimba sarufi sanifu kilabuni.

Pili ni matumizi ya nafsineni. Nyimbo nyingi za Wanyika ni hotuba ya mtu mmoja kwa mwenzake tusiyemsikia. Katika Sina Makosa nafsineni inamkabili mwanamume aliyefura kwa wivu. Inajitetea kwamba inashukiwa bure, na kwamba kila mmoja ana wake nyumbani. Sisi wasikilizaji tunasikia upande mmoja tu wa ugomvi. Je, anasema kweli? Jina la wimbo linadai kwamba hana hatia, lakini anayerudia sana kwamba hana makosa huamsha shaka. Hapa takriri haikuwekwa kujaza mapigo tu. Ndiyo inayobeba kinaya cha wimbo, na mfano bora zaidi wa kumfundishia mwanafunzi kinaya si rahisi kuupata.

Tatu ni balagha. Nilipi la Ajabu ni swali tangu jina lake. Katika Sigalame, wimbo wa Issa Juma uliovuma mwanzoni mwa miaka ya 1980, swali ndilo kiini cha masimulizi. Anaulizwa habari mtu aliyetoweka, ambaye sasa yasemekana yuko Bungoma, ametajirika na anafanya biashara. Biashara gani? Hakuna anayeijua. Bungoma iko karibu na mpaka wa Uganda, na msikilizaji wa magharibi mwa Kenya, aliyejua magendo yaliyopita huko katika miaka ile, alijijazia jibu mwenyewe. Mtunzi hakumshtaki mtu, aliuliza tu. Katika enzi ambapo kumtaja tajiri kwa jina kungeweza kumtia mtu mashakani, swali lilikuwa ngao.

Muundo wa nyimbo nao ulitokana na chombo chake. Santuri ndogo haikuweza kubeba wimbo mrefu, basi wimbo uligawanywa: sehemu ya kwanza upande mmoja, sehemu ya pili upande wa nyuma. Aghalabu hadithi ilisimuliwa upande wa kwanza, na wa pili ukaachiwa magitaa na viitikio vifupi. Msikilizaji aligeuza santuri akiwa amekwisha kusikia kisa, sasa akacheza.

Uhifadhi na Haki

Tulinganishe kidogo na ughaibuni. Mwaka 1982 mjini Manchester, Uingereza, ilianzishwa bendi ya The Smiths. Ilidumu miaka 5 tu, ikatoa albamu 4 za studio, ikavunjika mwaka 1987. Pamoja na uhai mfupi huo, vitabu vingi vimeandikwa kuihusu, na mwaka 2005 chuo kikuu kimoja cha mji huo kiliandaa kongamano la kitaaluma kuijadili. Aidha, mpigaji ngoma wake, Mike Joyce, alipohisi amepunjwa, alikwenda mahakamani na mwaka 1996 akashinda, akatambuliwa kuwa na haki ya robo ya mapato.

Simba Wanyika iliishi zaidi ya miaka 20. Yaliyoandikwa juu yake kwa Kiswahili, lugha ambayo bendi iliitumikia, ni kidogo mno. Mashairi ya nyimbo huzunguka yakiwa yamenakiliwa kwa makosa, majina ya watunzi hukosewa, na vijana wengi hudhani Simba Wanyika na Les Wanyika ni bendi moja. Kuhusu mapato, sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda kazi ya mtunzi kwa miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Nyimbo alizotunga George, kwa hesabu hiyo, zinalindwa hadi mwisho wa mwaka 2042, na za Wilson hadi mwisho wa 2045. Haki hizo zina wenyewe. Lakini haki ya mtunzi ambaye jina lake limesahauliwa hudaiwa na nani?

Hitimisho

Tumeona kwamba bendi za Wanyika zilitokana na safari za watu wa Tanga waliofuata studio na santuri, kwamba zilistawi wakati mataifa mawili yalipopeana visogo, na kwamba nyimbo zao zina nafsineni, kinaya na balagha zinazostahimili uchambuzi wowote. Katika fasihi simulizi tunafundishwa kukusanya nyimbo za jando, za kazi na za mazishi kabla wazee hawajatutoka. Ni vyema. Ila waliotunga nyimbo za dansi nao ni wazee, na wengi wao wamekwisha kututoka.

Ninapendekeza, basi, kwamba chama chetu kianzishe daftari la matini za muziki wa dansi: kila mwanachama anukuu wimbo mmoja kwa tahajia sanifu, aandike mtunzi, bendi, mwaka na kampuni iliyoutoa kama ilivyochapwa kwenye santuri, kisha ausomee mbele ya anayekumbuka ulipotoka. Santuri zingalipo katika nyumba za wazazi wetu, na wanaozikumbuka wangalipo pia. Kazi hii haihitaji ufadhili. Inahitaji kalamu, sikio na subira ya kuurudia ubeti mmoja hadi neno la mwisho lisikike sawasawa.