Simu ya setilaiti: Kabla ya kuuliza bei, uliza nani atapokea

Pumu haichagui mahali pa kumbana mtoto. Inaweza kumbana akiwa nyumbani, dakika chache kutoka hospitalini, na inaweza kumbana saa nane usiku akiwa na wazazi wake kambini Katavi au Mahale, mahali ambapo simu ya kawaida haishiki mtandao. Hali ni hiyo hiyo kwa mgonjwa wa selimundu, kisukari au kifafa.

Ndiyo maana baadhi ya familia zinazosafiri na mgonjwa kwenda hifadhini, visiwani au milimani hununua au kukodi simu ya setilaiti. Wiki hii tuangalie namna ya kuichagua.

Inavyofanya kazi

Simu ya kawaida hutegemea mnara ulio karibu. Simu ya setilaiti huwasiliana moja kwa moja na chombo kilicho angani, hivyo ni lazima antena yake "ione" anga. Ndani ya gari, chini ya paa la bati au kwenye msitu mzito inaweza isishike kabisa. Toka nje, simama mahali pa wazi, vuta antena, kisha subiri.

Mtandao wa Iridium una setilaiti 66 zinazozunguka umbali wa takriban kilomita 780 kutoka ardhini, na unafika dunia nzima. Inmarsat na Thuraya hutumia setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Hizi hubaki upande mmoja wa anga, hivyo kilima au jengo likiwa upande huo hukata mawasiliano hadi uhame. Thuraya haifiki kila bara. Kama ndugu amekuletea simu yake kutoka Uarabuni, angalia kwanza ramani ya huduma kama inafika unakokwenda.

Kuongea au kutuma ujumbe?

Vipo vifaa vidogo, kama Garmin inReach, vinavyotuma ujumbe mfupi na kuonesha mahali ulipo. Vina kitufe cha dharura kinachoita kituo chenye watu saa 24. Ni vyepesi na vinamfaa mtembea kwa miguu. Baadhi ya simu za kisasa, kuanzia iPhone 14, nazo hutuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti, lakini huduma hiyo ipo katika baadhi ya nchi tu. Usiitegemee kabla ya kuhakikisha.

Kwa familia yenye mgonjwa, simu ya kuongea ina faida kubwa. Daktari anataka kuuliza na kujibiwa papo hapo: mtoto anaweza kumaliza sentensi? Midomo imebadilika rangi? Amevuta dawa mara ngapi? Kwa ujumbe mfupi, maswali hayo huchukua muda ambao mgonjwa huenda hana.

Nani atapokea?

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanalinganisha bei na betri, wanasahau upande wa pili wa simu. Namba fupi ya dharura kama 112 huenda isikupeleke kituo cha Tanzania ukipiga kwa setilaiti. Hifadhi namba kamili zinazoanza na +255: za daktari wako, hospitali iliyo karibu na unakokwenda, ofisi ya hifadhi na ndugu mmoja asiyezima simu usiku. Waambie mapema kwamba simu yako inaweza kuonekana kwao kama namba ngeni ya nje ya nchi, wasije wakaikata.

Kama una bima au uanachama wa ndege za wagonjwa, kwa mfano AMREF Flying Doctors wa Nairobi, andika namba yao na namba yako ya uanachama kwenye karatasi.

Kwenye karatasi hiyo hiyo andika umri wa mgonjwa, uzito wake kwa kilo, ugonjwa wake, dawa anazotumia na zinazomdhuru. Uzito ni muhimu kwa sababu dozi nyingi za watoto hupimwa kwa kilo. Jifunze pia kusoma kwenye simu namba za mahali ulipo.

Kabla ya kuondoka

• Piga simu ya majaribio ukiwa nje ya nyumba. Kila mtu mzima na dereva wajue kuitumia.
• Angalia tarehe ya mwisho ya kifurushi, kwani muda wa maongezi ukiisha simu haitakusaidia.
• Beba chaja ya gari na betri ya akiba. Mlimani kwenye baridi, weka betri karibu na mwili.
• Uliza sheria. Hapa nchini waulize TCRA. Wanaopeleka wagonjwa India wajue kwamba huko kuingia na simu ya setilaiti bila kibali kunaweza kukufikisha polisi.

Mwisho, simu hii haichukui nafasi ya mfuko wa dawa. Viwanja vingi vya porini havina taa, hivyo ndege ikiitwa usiku inaweza kusubiri kupambazuke. Mzazi, mwone daktari kabla ya safari, umuulize swali moja: mwanangu akibanwa saa mbili usiku, nahitaji dawa gani na kiasi gani ili afike asubuhi? Dawa hizo zipakie kwanza, ndipo utafute simu.