Tuta Moja Likiachwa

Ndugu wanakikundi, hapa Kitui na Makueni wazee wetu walituachia mwethya: leo tunachimba kwako, kesho kwangu. Wengi wamekwisha fariki, lakini matuta yao ya fanya juu bado yanazuia udongo.

Tunawaheshimuje? Si kwa kuwataja matangani tu. Ukiacha kipande chako, mvua ya Novemba hupasua pale pale na kubomoa shamba la jirani aliye chini.

Basi ukikosa siku ya kazi, sema mwenyewe mbele ya wenzako, uilipe. Mweka hazina asome hesabu kila mkutano, hata ya shilingi kumi. Mgonjwa na mkongwe tuwachimbie bila kunung'unika.

Mkutano ujao ulizaneni: ni kipande cha nani hakijachimbwa, na kwa nini?