Paji la Uso Linapotokeza kwa Hewa

Ndani ya mifupa ya uso wa mtu mzima mna vyumba vya hewa viitwavyo sainasi: katika paji la uso, mashavuni, kati ya macho, na nyuma kabisa ya pua. Vyote hufunguka puani kwa vijitundu vidogo. Vile vya paji la uso mtoto hazaliwi navyo. Hutokea utotoni na kukua hadi umri wa takriban miaka 20.

Kwa watu wachache ukuaji huo haukomi. Chumba huzidi kutanuka na kusukuma mfupa, hata paji la uso au ukingo wa juu wa jicho ukatokeza, ilhali ndani hamna usaha wala nyama, ila hewa tupu. Mwaka 1918 daktari Benjamins aliipa hali hiyo jina la Kilatini, pneumosinus dilatans. Huwapata zaidi wanaume wa miaka 20 hadi 40. Chanzo chake hakijathibitishwa. Baadhi ya wataalamu hudhani kuwa kijitundu cha chumba hugeuka mfano wa vali ya tairi la baiskeli, kikiruhusu hewa kuingia na kuizuia kutoka.

Njia hizi za hewa zimeunganika kuliko wengi wadhanivyo. Mwaka 1858, msafiri Mwingereza John Speke, aliyefika Ziwa Tanganyika kwa njia ya misafara ipitayo Tabora, aliingiwa na mdudu sikioni akajaribu kumtoa kwa kisu. Sikio likatunga usaha, uso ukapinda, na kwa miezi mingi kila alipopenga kamasi sikio lake lilipiga mluzi.

Ugonjwa wa sainasi kutanuka ni wa nadra sana. Hata hivyo unastahili kujulikana, kwa kuwa mkazi mwenye uvimbe wa uso mara nyingi huambiwa ni jino au amerogwa, na miezi ikapita. Kwa kutazama tu, hewa, usaha na saratani huweza kufanana. Uvimbe wa taya kwa mtoto unaokua upesi usisubiri hata kidogo: huenda ukawa saratani ya Burkitt, iliyoelezwa na daktari wa jina hilo huko Uganda mwaka 1958, nayo hutibika kwa dawa ikiwahiwa.

Hatari kubwa iko kwenye chumba cha nyuma ya pua, ambacho hupakana na mshipa wa fahamu wa jicho. Kikitanuka, huonekani uvimbe wowote usoni. Mgonjwa huanza kupoteza nuru ya jicho moja pole pole, na wakati mwingine kando ya mshipa huo hukutwa uvimbe wa utando wa ubongo. Kwa hiyo jicho moja linalofifia bila maumivu lina haki ya kupimwa mapema sawa na lile linalouma.

Picha ya eksirei huweza kuonyesha utanukaji, lakini kipimo cha CT-Scan ndicho huonyesha mipaka ya chumba na unene wa mfupa. Asiyeona tatizo ila umbo huweza kufuatiliwa tu. Mwenye maumivu, pua iliyoziba au macho yaliyoathirika hufanyiwa upasuaji kupitia puani kwa bomba jembamba lenye kamera, ili kupanua kijitundu na kuachia hewa. Mfupa uliotokeza sana husawazishwa kwa upasuaji wa pili, mkubwa zaidi, na huo ni kazi ya daktari bingwa.

Safari huanzia zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, na kutoka hapo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete. Ikihitajika, mgonjwa hupelekwa hospitali ya kanda, kama Bugando jijini Mwanza. Achukue fomu ya rufaa, kadi ya bima ikiwa anayo, filamu zote za awali, na picha yake ya zamani, hata ya kitambulisho. Mabadiliko haya huenda taratibu mno, na picha ya miaka mitano iliyopita humwonyesha daktari kile ambacho nyumbani wamekizoea.